Shuka Uutazame Mfuo



Mawingu yameanza kujikusanya juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kule reli inakopanda kuelekea Saranda na Manyoni, na hapa chini Kintinku kila mtu anatembea huku akitazama juu. Trekta la kwanza la msimu limeshafika. Dereva hajamaliza hata chai, watu wameshaandikisha majina. Nawaelewa. Udongo wetu wa mbuga hautoi siku nyingi: ukikauka ni jiwe, mvua ikizidi ni gundi, na kati ya jiwe na gundi zipo siku chache tu ambazo jaruba hukubali kulimwa. Anayezikosa hupanda akiwa amechelewa, na mvua za huku ni za msimu mmoja.

Hivyo ndivyo tunavyoingia katika Majilio mwaka huu. Somo la Jumapili ya kwanza ni Isaya sura ya 2, pale nabii anapoona mataifa yakiukwea mlima wa Bwana, na silaha zao zikipelekwa kwa mhunzi na kutoka zikiwa vyombo vya kulimia. Miaka yote nimelihubiri somo hili nikiwa nimesimama kwenye moto wa mhunzi. Chuma kinapigwa, mkuki unageuka jembe, tunaitika amina na kwenda nyumbani. Safari hii naomba tusogee mpaka kesho yake. Jembe limeshatoka motoni, limepoa. Nani atalifunga? Litafungwaje? Litazama kiasi gani? Maswali haya nimeyaokota shambani.

Msimu uliopita mjane mmoja wa hapa kwetu alilipia ekari moja ilimwe. Aliniomba nifike niombee shamba kabla halijapasuliwa, nami nikabaki kutazama. Dereva, kijana wa miaka kama ishirini na mitano, alizunguka mara mbili, akasimama. Akashuka. Hakuligusa trekta kwanza. Alirudi nyuma, akauchuchumalia mfuo, ule mtaro unaoachwa na plau, akatumbukiza mkono kupima kina kwa kiganja na vidole. Kisha akaenda kupima mahali pengine, hatua chache mbele. Lilikuwa plau la diski tatu. Diski ya mbele ilikuwa inazama vizuri, ya katikati kidogo, ya nyuma inakwaruza tu.

"Mwanangu, mbona umesimama?" mama akauliza. "Jua hilo linapanda."

"Mama, plau linalima kwa mguu mmoja. Nivumilie kidogo."

Alichukua spana, akalegeza nati, akazungusha toplinki hadi ikarefuka mizunguko miwili. Akapanda, akaenda kama mita ishirini, akashuka tena. Akapima. Akaongeza nusu mzunguko. Halafu akashika kishikio cha mkono wa kulia, akakizungusha kidogo, akapanda, akaenda, akashuka. Nilihesabu: alishuka mara nne. Simu yake iliita mara mbili, na kwa jinsi alivyojibu nilijua ni mwenye trekta anauliza ameshamaliza ekari ngapi. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa jaruba, hasemi neno, uso umekunjamana, kwa maana fedha ile aliipata kwa kuuza mbuzi. Dereva alipopanda mara ya tano hakushuka tena mpaka mwisho wa shamba. Udongo ulilala upande mmoja, bonge juu ya bonge, kina kile kile kutoka ukingo hadi ukingo.

Wengi wetu tunaliona trekta kila msimu lakini hatujawahi kuinama kutazama linavyoshikana na plau, basi niwaeleze. Nyuma kuna mikono miwili ya chini, kushoto na kulia, inayonyanyuliwa kwa haidroliki. Juu yake, katikati, kuna mkono mmoja mfupi wenye nyuzi za kuzungusha. Huo ndio toplinki. Plau hukamatwa kwa pini tatu. Ukiufupisha mkono wa juu, plau linainamisha pua, diski ya mbele inazama na ya nyuma inanyanyuka. Ukiurefusha, pua inainuka na nyuma inazama. Mkono wa chini wa kulia una kishikio chake cha kuushusha au kuupandisha, ili plau lisilale upande. Pande zote mbili kuna minyororo inayozuia plau lisiyumbe kupita kiasi. Madereva wazoefu hufunga mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, kwa sababu wa kulia unaweza kurekebishwa ukutane na tundu, na toplinki huja mwisho. Kufungua ni kinyume chake.

Najua mhubiri akisikia habari ya pini tatu, ulimi unamwasha ataje Utatu Mtakatifu. Sitafanya hivyo. Fumbo la Mungu si la kutundikwa kwenye kila kitu chenye pande tatu, na chuma hiki kina somo lake chenyewe.

Mfumo huu ulitoka kwa Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa kaskazini mwa Ireland, aliyezaliwa 1884. Jina lake mnalijua, limo kwenye boneti la trekta jekundu la Massey Ferguson. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipewa kazi ya kusimamia matumizi ya matrekta nchini kwao, akaona jambo lililomtesa moyo. Plau siku zile lilivutwa kwa nyuma kama linavyovutwa na ng'ombe. Likikwama kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kuzunguka, pua ya trekta ikainuka, na trekta likapindukia nyuma juu ya dereva. Watu walikufa hivyo. Jibu la wengi lilikuwa kuongeza uzito: trekta liwe zito lisiinuke. Lakini trekta zito linashindilia udongo ambao limekuja kuulegeza, na mkulima mdogo hawezi kulinunua.

Ferguson alikwenda njia nyingine. Aliomba hataza ya mfumo wake mwaka 1925, akaendelea kuufanyia kazi miaka mingi. Plau likishikwa kwa mikono mitatu, mzigo unapolivuta kwa nyuma, ile mikono ya chini inavutwa, lakini wa juu unasukuma kwenda mbele na kuikandamiza pua ya trekta isiinuke. Na haidroliki inasikia msukumo huo: plau likikutana na udongo mgumu linanyanyuliwa kidogo, likipita linashushwa tena. Uzito wa plau, na uzito wa udongo linaoupasua, unahamia kwenye magurudumu ya nyuma na kuyapa mshiko. Mzigo ule ule uliokuwa unapindua trekta na kuua ndio sasa unaolifanya lisiteleze. Trekta lake dogo la TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, lilizidi laki tano kwa idadi, na leo matrekta karibu yote duniani yanafunga plau kwa namna hiyo, pamoja na hili lililofika kwetu.

Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Kwa sababu wengi wanaonijia hapa nyumbani huja na mzigo, na wengi wanaomba uondolewe. Nami nimeomba pamoja nao uondolewe, na mara nyingine umeondoka. Lakini wapo ambao mzigo haukuondoka. Mama anayemuuguza mume aliyepooza mwaka wa nne huu. Baba aliyeachiwa wajukuu watano. Nikiwatazama, naona mzigo mmoja unaweza kumpindua mtu mmoja na kumsimamisha mwingine, na tofauti haiko kwenye kilo. Ukiburutwa kwa kamba moja nyuma yako, huku umeupa mgongo, siku utakapokwama kwenye kisiki utakuinua miguu juu. Mama yule wa mgonjwa aliniambia kwamba mwaka wa kwanza alikuwa akimhudumia mumewe kwa siri, akificha shuka, akikataa wageni, na alikaribia kurukwa na akili. Siku alipokubali jirani amsaidie kumgeuza asubuhi, shemeji alete maji, na Jumuiya ije kusali kitandani pale, mgonjwa hakupata nafuu. Yeye ndiye aliyeacha kuteleza. Yalikuwa mashiko matatu.

Katika Mathayo 11 Bwana wetu anawaita waliochoka na kulemewa, na cha ajabu, baada ya kuahidi pumziko anawapa nira. Mtu aliyechoka unampa nira! Sisi wa Ugogo tunaofunga ng'ombe tunajua nira ni mti wa kazi, haufanani na kitanda. Lakini tunajua pia kwamba nira iliyochongwa vibaya inamtoa ng'ombe kidonda shingoni, na iliyochongwa kwa kupimwa shingo yake humwezesha kuvuta tangu alfajiri bila kuchubuka. Yustino Shahidi, mwalimu wa karne ya 2 aliyezaliwa Samaria, aliandika kwamba Yesu katika useremala wake alikuwa akitengeneza plau na nira. Naipenda sana habari hiyo. Aliyesema habari za nira alikuwa ameshapitisha kiganja chake ndani ya nyingi, akitafuta mahali panapokwaruza.

Sasa nirudi kwa Isaya, maana yapo mambo yaliyotokea karibu nasi ambayo yanafaa kusomwa pamoja na sura ile. Upande wa pili wa Dodoma, Kongwa, kwa Wagogo wenzetu, Waingereza walianzisha mwaka 1947 mpango mkubwa wa karanga. Walikusudia kulima mamilioni ya ekari, wakafungua mashamba Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, matrekta hayakupatikana ya kutosha, wakachukua vifaru vya kivita vya Sherman, vikavuliwa mizinga, vikageuzwa matrekta na kampuni ya Vickers na kuitwa Shervick. Fikirini: kifaru cha vita kinakuja kulima katika nchi yetu! Isaya angetokwa machozi ya furaha.

Lakini udongo wa Kongwa, jua likiupiga, unakuwa kama saruji. Mashine ziliharibika, majembe yakachakaa upesi, karanga zikang'ang'ania ardhini zisitoke. Mvua nayo haikuja kwa ratiba ya ofisi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza mwisho wa mpango, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimepotea. Sababu ni nyingi, na wajuzi wa historia wameziandika. Ninachokiona mimi ni hiki: upanga ulikwisha kugeuzwa jembe, kazi ya mhunzi ilifanyika, na bado shamba lilishindikana. Mpango ulipimwa kwenye meza ya mbali na ukaletwa umeshakazwa. Haukuacha nafasi ya mtu kushuka, kutia mkono kwenye mfuo, na kurudi kurekebisha.

Ndugu zangu, wengi wetu tumeshaokoka. Nasema hivyo kwa moyo wote. Ulevi umeachwa, ugomvi umeachwa, silaha imepigwa na kuwa jembe, tarehe tunaikumbuka. Halafu nyumbani bado mke analia, na sisi tunashangaa. Kule kugeuzwa hakukuwa kwa uongo. Ila jembe jipya halijarekebishwa kulingana na udongo wa nyumba hiyo.

Na kurekebisha kwenyewe kuna siri moja ambayo dereva yule alinieleza tukiwa tunakunywa maji. Nilimuuliza kwa nini asirekebishe kila kitu pale nyumbani, penye sakafu, akaja shambani tayari. Akasema anafanya hivyo, lakini haitoshi. "Mchungaji, nikianza kulima, gurudumu la kulia linaingia kwenye mfuo. Trekta lote linalala upande. Plau lililokuwa sawa uwanjani, humu linakuwa limepinda." Ndiyo maana anakizungusha kile kishikio cha kulia: plau liwe sawa na ardhi, ingawa trekta lenyewe limelala. Anayetaka kulipima nyumbani, akasema, aweke matofali chini ya magurudumu ya kushoto, kimo kile kile cha kina atakacholima, kama sentimita 20, ndipo asawazishe.

Maneno hayo yalinichoma. Ni mara ngapi nimewapa ushauri watu wa ndoa nikiwa kwenye kiti changu, penye sakafu, nikisawazisha kila kitu kana kwamba magurudumu yao yote yako juu? Huyu na afanye hivi, huyu na afanye vile, nusu kwa nusu. Wamefika kwao, na kwao upande mmoja uko shimoni: mtoto mgonjwa, deni la mbegu, mama mkwe asiyeona. Ushauri uliokuwa sawa ofisini umelala. Tangu siku ile nimeanza kwenda kukaa kwao kwanza, kwenye kigoda chao, kabla sijasema neno. Sisemi nimefaulu. Nasema nimeanza kuweka matofali.

Niungame na lingine. Nikiwa kijana, kabla ya chuo cha Biblia, niliwahi kulifunga plau la mjomba wangu kwenye trekta la kukodi. Mikono ya trekta lile ilikuwa na matundu ya pini nene, ya milimita 28, na pini za plau letu zilikuwa nyembamba, za milimita 22. Zipo bushi za kuvalisha ili zikae sawa, mimi sikuzitafuta. Niliona pini imeingia, imetosha. Siku mbili za kwanza lilikuwa likigonga tu, tok, tok, kila tulipogeuka. Nikazoea mlio ule. Siku ya tatu, barabarani, pini ilikatika, plau likaanguka upande mmoja nyuma ya trekta. Mwanafunzi aliyekuwa akipita na baiskeli alilikwepa kwa kutumbukia mtaroni, akavunjika mkono. Mjomba alilipa matibabu wala hakunifokea, na kimya chake ninacho hadi leo. Mlio ule ulinionya siku mbili. Katika nyumba zetu pia upo mlio wa kitu kilichoingia lakini hakikukaa, na mlio mtu akiuzoea hausikii tena.

Minyororo ya pembeni nitaitaja kwa kifupi. Wakati wa kulima huachiwa nafasi kidogo, plau lipate kufuata njia yake. Wakati wa kupanda kwa mashine, au kusafiri barabarani, hukazwa. Wazazi wenye vijana wa sekondari watafakari wenyewe.

Hili la mwisho nalisema kwa madereva na kwa wenye matrekta, na nalisema kwa kuwasihi. Msifunge mnyororo mahali pa toplinki kuvuta gogo au gari lililokwama. Kwa kufanya hivyo mnaondoa ulinzi wote nilioueleza, mnarudisha kifo kile cha zamani: pua itainuka, na hakuna dereva mwepesi wa kuruka kuliko trekta linalopinduka. Kuvuta ni kwa ndoano ya chini, basi. Asisimame mtu kati ya trekta na plau wakati linarudi nyuma kufungwa. Watoto wasidandie plau, hata kama wanashangilia, hata kama ni wa mwenye shamba. Na wenye kulipa kwa ekari, tunapowahimiza vijana hawa wasishuke, tukumbuke ni damu ya nani tunayoihimiza.

Jumamosi hii saa 2 asubuhi trekta litaletwa kwenye uwanja wa kanisa kabla halijaenda shamba la kwanza. Tutaliombea pamoja na plau, majembe ya mkono, nira na mbegu zitakazoletwa. Dereva amekubali kutuonyesha anavyofunga na anavyopima. Nimeomba kila mtaa uje na matofali mawili.

Yule mjane, nisije nikasahau. Ekari yake ilipokwisha jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa Manyoni. Alimletea dereva ugali na mlenda, akamwekea chini ya mkwaju. Kijana hakwenda kula kwanza. Alilishusha plau taratibu mpaka diski zote tatu zikagusa udongo, akazima injini, akazunguka nyuma kuzikagua pini kwa mkono, moja moja. Kisha akanawa. Mama alikuwa amesimama kwenye mfuo wa mwisho, viatu mkononi, anaupima kwa unyayo.